Msumari wa Chumbani

Ping-yen mwanangu,

Wali uko kwenye sufuria ya umeme. Supu ya samaki usiiguse, ni ya mkeo. Yu-chieh amelala, usimwamshe. Mimi niko hekaluni.

~~Ung'oe ule msumari kabla sijarudi.~~

Asubuhi tulifuata majibu ya kipimo cha wiki ya thelathini na sita ya mimba. Vijidudu vipo, vile vinavyoweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa. Nikamwambia daktari, "Ni mwanangu huyo. Alipigilia msumari chumbani, akamkera mungu anayekaa humo kulinda mimba." Daktari wala hakucheka. Akasema wanawake wengi wanavyo na wenyewe hawana habari. Uchungu ukianza, atatundikiwa dripu ya dawa na mtoto atakuwa salama. Akaongeza, "Hata wewe mama, huenda ulikuwa navyo ulipomzaa huyo mwanao."

Yu-chieh akaangua kicheko mpaka akashika tumbo. Tangu achukuliwe kipimo sikuwa nimemwona akicheka.

Kwa hiyo wiki nzima nimekununia bure. Msumari uache. Mkifika hospitali, wakumbushe manesi habari ya dripu kabla hata hamjaketi.

Nyundo nimeificha. Utaiona mjukuu wangu akishazaliwa.

Mama yako