Siku Niliyowarushia Mpira Wenzetu

Seif ndugu yangu,

Salamu hizi Mola ndiye mjumbe wake, mimi sijui njia nyingine ya kukufikia.

Maskati imebadilika. Tuna Sultani mpya, lango la mji halifungwi tena usiku, na redio zinalia kila duka. Ungefurahi wewe, mpenda kelele. Mimi hazinifikii. Tangu tukuzike nilishindwa kurusha mpira wa kriketi nikimwona mtu mwingine ameinama nyuma ya vijiti, mahali pako, akinidakia. Nikaiacha timu yetu ya Wazanzibari, nikahamia Matrah, nikawa naichezea timu ya makarani wa Kihindi. Watu wema, lakini mchezo wao Kigujarati na chai yao Kigujarati. Wiki nzima hupita sijasema neno la Kiswahili ila nikijigonga kidole.

Ijumaa tulicheza na wenzetu wa timu ya zamani, kule Ruwi kwenye changarawe. Sikwenda kutafuta ushindi. Nilitaka tu kuwasikia wakitaniana. Basi nafika, Nassor, ambaye sasa ndiye nahodha, akanipa mkono na kunisalimu kwa Kiarabu. Kiarabu, Seif. Kile kizuri cha kusemeshea wageni. Na wengine wakafuata. Nikahisi aliyekufa ni mimi, si wewe.

Nikarusha kwa hasira. Zamu ya Nassor ilipofika nikampa ule mpira wa polepole ulioupenda, unaodunda kisha ukapinda. Gongo likapiga hewa, vijiti vikaanguka, akawa ametolewa. Alipokuwa akitoka akapita karibu yangu, nami nikasubiri Kiarabu kingine.

"Huna haya we," akanambia. "Mkono huo huo ulokuwa ukimegea tonge kwetu?"

Nilicheka, kisha nikalia mbele ya timu zote mbili, makarani wangu wakidhani nimetukanwa. Nassor akanishika bega, akasema taratibu, "Tulidhani hututaki tena. Na sie twamlilia Seif, Rashid."

Muda wote huu nimekulilia peke yangu, kumbe msiba ulikuwa na watu.

Pumzika, ndugu yangu. Makarani sitawaacha, hawajanikosea. Lakini nakuahidi, kila Ijumaa baada ya sala nitakwenda kwa Nassor, tukae, tukutaje kwa jina.

Rashid wako