Kalenda ya Maporomoko ya Maji

Jumatano, baada ya Alasiri. Mvua ya vuli inachuruzika tangu asubuhi, ile ya kumfanya mtu aanike nguo na kuzianua mara nne. Siku nyingine ningeshaitukana. Leo sina ugomvi na mvua wala na mtu.

Leo najivuna. Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini najivuna mpaka kanga hainitulii kiunoni.

Binti yangu Zuhura anakwenda Uturuki kusoma shahada ya pili ya uhandisi wa maji. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa shajara. Alisema, "Mama, unaongea mno, bora uandike." Basi naandika.

Zimebaki wiki mbili. Bwenini hakupata nafasi, ikabidi atafute nyumba ya kupanga huko Ankara, yenye fenicha zake kabisa, maana mtu hapandi ndege na kitanda. Hapo ndipo mimi nilipojiona mtaalamu. Nina nyumba ya vyumba sita hapa Mabawa, na napangisha tangu Zuhura yuko darasa la kwanza. Nani wa kunifundisha habari za kupanga?

Jumapili nikakaa na daftari nikamwandikia maswali. Muulize dalali kama godoro ni lile lile la kwenye picha au picha ni ya zamani. Friji ikifa, inatengenezwa na nani? Funguo ziko ngapi, na nani mwingine anazo? Baridi ikiingia, nyumba inapashwa moto na nini, na gharama yake iko ndani ya kodi au nje? Vyombo vyote viorodheshwe na kupigwa picha kabla hujaingia, usije ukadaiwa kikombe kilichovunjwa na mtu wa mwaka juzi. Na jirani wa juu, anatembea na viatu?

Zuhura akacheka lile la viatu. Nikamwambia cheka tu, utanikumbuka.

Kuna moja sikuliandika. Sikuliandika kwa sababu nalijua mno.

Jana saa tisa alasiri dalali akapiga simu ya video. Kijana mtanashati, koti jeusi, Kiingereza chake cha kuunga na Zuhura akinitafsiria. Akatuonyesha sebule, kochi la kijivu, meza ya kioo, jiko linalong'aa, birika la umeme. Akafungua bomba, maji yakatoka. Akakaa kitandani akarukaruka kidogo tuone springi. Loo! Mimi nilishaanza kupanga shuka kichwani. Nikamgusa Zuhura gotini, nikamnong'oneza, "Chukua, mwanangu, chukua kabla hajaja mwingine."

Zuhura alikuwa ameinamia simu, kakunja uso kama anasoma maandishi madogo.

Akamwomba yule kijana arudi chumbani. Pembeni ya kabati palikuwa na picha ya maua ya rangi rangi, kwenye fremu nzuri. Lakini ilitundikwa chini, usawa wa goti la mtu. Zuhura akasema, kwa adabu zote, naomba uitoe hiyo picha.

Kijana akacheka, akasema ni pambo tu. Zuhura akasema nitasubiri. Kijana akasema imepigiliwa. Zuhura akasema nitasubiri. Akakaa vile vile, macho kwenye ile picha, na mimi nilishaelewa.

Picha ikatoka. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi. Ukungu ulishuka mpaka kwenye kona na kuingia nyuma ya kabati, na rangi ilikuwa inabambuka.

Mwanangu ana pumu. Amelala hospitali mara mbili akiwa mdogo, na mpaka leo dawa yake ya kuvuta haiachi mkoba. Chumba kile angelala peke yake, madirisha yamefungwa kwa baridi, hana wa kumgongea mlango. Hapo nilipokuwa nasema chukua, ndipo nilipokuwa nampeleka.

Hakupandisha sauti. Alimweleza yule kijana kwamba ana pumu, nyumba ile hawezi kulala, na kama ana nyingine yenye kuta kavu amwonyeshe, ila safari hii atembee huku kiganja chake kikipita ukutani, chumba kwa chumba, yeye akitazama. Kijana akaitikia kama mwanafunzi. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Huyu wangu aliingia ndani akiwa amekaa mkekani Mabawa!

Simu ilipokatika nikamuuliza, umejuaje?

Akaniangalia kwa upole. Afadhali angenikaripia.

"Mama, si mimi niliyekuwa nakushikia stuli?"

Sasa niseme ukweli, maana hii ni shajara na si mahubiri. Chumba changu namba nne kinapakana na bafu. Ukuta wake unavuta maji tangu siku nyingi, na kila masika unachora ramani. Mimi dawa yangu ilikuwa kalenda. Kalenda kubwa ya duka la vifaa vya ujenzi, ina picha ya maporomoko ya maji, jamani, hata aibu sikuona! Kila akija mtu kutazama chumba, naitundika juu ya lile doa, na doa likipanda naipandisha. Zuhura alikuwa akishika stuli nisianguke. Kisha namleta mteja asubuhi, jua likiwa upande ule, bomba likiwa na maji. Ndivyo tunavyofanya wenye nyumba wengi, na tukikutana tunachekeana.

Aliwahi kukaa humo fundi cherehani mmoja, mtu mpole. Alikohoa msimu mzima. Nilimwambia ni vumbi la vitambaa. Nikawa nampelekea chai ya tangawizi, tena najiona mwema.

Alihama bila kunisema neno. Nimemfikiria usiku kucha na mchana wa leo.

Asubuhi hii dalali akapiga tena. Nyumba ya pili ni ndogo, kochi limechakaa, birika halina kifuniko. Kuta hazina picha hata moja. Kijana akapitisha kiganja kote, mpaka nyuma ya kabati, bila kukumbushwa. Zuhura akauliza maswali yangu yote ya kwenye daftari, hata lile la viatu. Ghorofa ya juu anaishi bibi mmoja; dalali akapanda na simu akambishia hodi, bibi akachungulia mlangoni akapunga mkono, na Zuhura akamwamkia kwa Kituruki alichojifunza mwenyewe. Nyumba ameichukua.

Umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema. Wangu amekua vizuri kuliko nilivyomlea, na ndilo linalonipa raha na aibu kwa pamoja. Mimi nilimfundisha kuficha doa, yeye akajifunza kulitafuta.

Kesho anakuja Mwalimu Neema, binti wa Lushoto aliyepangiwa shule ya hapa karibu, kutazama chumba namba nne. Nilikuwa nimeshamwambia kwenye simu kuwa chumba ni safi, hakina tatizo. Mchana nikampigia tena.

"Mwalimu, ukuta wa bafuni unavuja. Fundi anaanza Ijumaa kufumua bomba. Njoo utazame, lakini usihamie mpaka pakauke."

Akasema, "Ahsante, mama. Kifua changu hakipatani na unyevu." Nikasema tu karibu.

Nikachukua stuli nikaenda namba nne kuishusha kalenda. Msumari ulikuwa umeshika kutu, nikawa nauvuta huku stuli inayumba. Nikasikia ndara mlangoni. Sikumwita. Zuhura akaingia, akapiga goti, akaishika miguu ya stuli kwa mikono miwili kama zamani.

Msumari ukatoka, kalenda ikashuka. Doa lilikuwa kubwa kuliko nilivyokumbuka.

Wiki mbili zikiisha, nani atanishikia stuli? Nitaiegemeza ukutani. Utakuwa umekauka.