Gari Nachagua Mimi

Baba Mitchelle,

Omena iko kwa sufuria, pasha tu. Mitchelle aoge kabla ya kulala.

Nimeenda yadi ya magari kule Gatina kununua lile gari kuukuu lililoinuka, sio lile dogo la kung'aa unalolitaka wewe. Asubuhi ulinicheka mbele ya watoto: "Mama Mitchelle, wewe chagua tu rangi ya viti!" Iliniuma. Desemba tukimtoa mamako mgonjwa kijijini kumpeleka hospitali, tulikwama kwa matope na lile gari dogo la kuazima, akabebwa kwa wilbaro mpaka kwa lami. Wewe ulibaki ukisukuma gari, mimi nikamshika mkono njia yote. Sirudii hiyo.

~~Ukitaka tubishane, nipigie.~~ Usinipigie.

Jumamosi tunaenda kumwona mamako, njia ni ile ile ya matope. Naendesha mimi. Wewe utakaa nyuma na watoto.

Mama Mitchelle