Chupa ya Jin Aliyoiacha Mume wa Shangazi

Dada Khavere,

Huku Shieywe jua linachoma mpaka mvua ya jioni ifike. Jana Shangazi alitoa kabatini chupa ya jin aliyoiacha marehemu mumewe. "Nitengenezee kinywaji chake," akaniambia, na unajua alivyo mtu wa kanisa. Nikakamua ndimu, nikakoroga na sukari, nikatia jin, barafu, minti na soda. Akaonja. "Marehemu hakuwa bahili wa ndimu," akasema, ila akamaliza yote.

Tangu mazishi alikuwa hajakalia kiti cha mumewe pale barazani. Jana alikikalia. Nikamuuliza mbona ameifungua chupa sasa.

"Nayo imeachwa mjane, na mjane mmoja anatosha nyumba hii," akajibu, akaninyooshea glasi nimwongeze.

Anakupenda sana, nami pia.

Nduguyo,
Muhonja