Mzee Hutangulia Mteremkoni

Alhamisi, 11 Julai

Šavnik. Mvua tangu Nikšić, tangu tulipotoa mguu nje. Tuko wanane kwa baiskeli, na gari moja la mizigo. Mimi mkiani, kama kila mwaka. Gojko, kiongozi wetu — daktari wa meno, anaongoza kama anavyong'oa, bila kuuliza — kanikumbusha nyuma yangu asibaki mtu. Haya.

Baba kakataa gari hata barabara ilipogeuka mto. Ana miaka sabini na miwili, na klabu aliianzisha yeye. Periša kamwambia gari linahitaji mtu wa kukalia mikate isirukeruke. Baba akamjibu kwamba makalio ya Periša yanatosha mikate ya wilaya nzima. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi ya kupandia.

Nguo hazikauki. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Ijumaa, 12 Julai

Žabljak. Kwenye kilima Baba alisimama, akasema anakwenda kukojoa. Wenzetu walishapita kona. Hakukojoa. Alishika uzio wa malisho, magoti yakamlegea, akashuka taratibu hadi kwenye majani. Macho wazi, hanioni. Nusu dakika? Dakika? Alipozinduka aliuliza glavu yake iko wapi. Alikuwa ameivaa!

Kisha akaniuliza tunakwenda wapi.

Nikampa maji. Rangi ikamrudia, na ukali pia. "Hukuona kitu, Zagorka. Ukimwambia Gojko, mimi na wewe basi."

Nikamwahidi. Mjinga mimi. Jioni kala kačamak, ugali wa huku, sahani mbili ili nimwone anakula. Mama kapiga simu, nikasema mzee yuko salama, anakula kama mkata kuni. Nimemdanganya mama yangu huku nikitafuna.

Jumamosi, 13 Julai

Tumevuka Sedlo, kilele cha barabara yetu. Tumelala Trsa, kwenye nyumba ya wachungaji.

Baba kapanda vizuri! Hilo ndilo linanitia wazimu. Juu walimpigia makofi, akawatukana kwa furaha. Na mimi nyuma yake siku nzima, naangalia shingo, naangalia mabega, sijaona hata mlima mmoja.

Kesho ni mteremko wa Plužine. Desturi ya klabu: siku ya mwisho mzee hutangulia mteremkoni, sote tunafuata gurudumu lake, hakuna wa kumpita. Barabara inazunguka ndani ya mwamba, mahandaki hayana taa. Akizimia mle ndani, saba tunamjia mgongoni. Periša ana watoto watatu.

Nilimwambia Gojko labda mwaka huu Baba ashuke nyuma na mimi, tupige picha. Meza nzima ikanigeukia. Gojko akaniuliza kama kweli mimi, binti yake, nataka kumtoa mzee mbele. Baba akakata nyama yake bila kuinua uso.

Nilimfuata kisimani. Nikamwambia akianguka peke yake ni shauri lake, lakini nyuma yake kuna watu.

"Sijawahi kuanguka mteremkoni."

"Jana ulianguka umesimama, Baba."

Akajaza chupa yake mpaka ikamwagika. "Nikishuka nyuma mara moja tu, mwakani mtaniletea kiti na blanketi. Baada ya hapo mtaacha kuniita."

Namwonea huruma na nataka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

Jumapili, 14 Julai

Saa mbili kasoro asubuhi. Naandika chumbani, dirishani. Nimesema nafuata miwani.

Ekseli ya gurudumu la mbele la Baba haionekani — kile chuma chembamba kinachoshika gurudumu kwenye uma wa baiskeli. Wote wanapekua majani. Periša anamshuku mbuzi. Chuma kiko ndani ya soksi yangu. Alfajiri nilikitoa, nikinyata kama mwizi wa kuku. Nilidhani watakosa kingine, Baba atapanda gari, mambo yataisha bila mimi kuvunja ahadi. Akili nyingi!

Gojko kafikiri sekunde mbili tu. Ya Zagorka inaingia, kasema. Yeye yuko mkiani, apande gari, mzee aitumie. Wote wakaona ni wazo zuri. Wakaenda kumalizia kahawa. Baba hakutafuta hata kidogo. Alikaa na gurudumu mapajani, akinitazama.

Sasa yuko peke yake uani. Kalaza baiskeli yangu, anafungua kikono cha ekseli. Hakifunguki. Anavuta tena. Mimi hukifungua kwa kidole kimoja, na yeye ndiye aliyenifundisha. Anatazama huku na huku kama kuna mtu kaona. Anavuta kwa mikono miwili. Hapana.

Kapiga goti. Anafuta jasho, na asubuhi hii ina baridi.

Kainua kichwa, kaniona. Nilidhani atakasirika.

"Zaga," kasema, kwa sauti ya chini ili wa jikoni wasisikie. "Shuka unisaidie."

Nina miaka arobaini na minne. Sijawahi kumsikia akilitaja neno hilo. Sijui anataka nimsaidie nini, kufungua au kuwaambia wenzetu.

Gojko anatokea mlangoni na kikombe chake. Nashuka sasa hivi, kabla hajamfikia.