Fundo la Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kariobangi sote tu wazima, na shangazi yako amejifungua mapacha. Swali lako limenisisimua hadi chai ikapoa: mtu aliyeachiliwa na korti anawezaje kushindwa baadaye kwa jambo lilelile?

Miaka ya tisini cherehani yangu iliibwa, nikaiona kwa jirani. Pedali nilikuwa nimeifunga mpira wa tairi, kwa fundo langu la mkono wa kushoto. Jirani akashtakiwa kwa wizi, akasema wanaotumia kushoto ni wengi. Hakimu akabaki na shaka, hakumfunga.

Nikafungua kesi ya madai, kudai cherehani tu, kwa ushahidi uleule. Hakimu mwingine akasema, "Mama, hapa simfungi mtu, kwa hiyo shaka kidogo haizuii; maelezo yako yanaelekea zaidi kuwa kweli kuliko yake. Ichukue."

Niliondoka nikiimba. Ningekuwa hakimu wa kwanza, nami ningemwachilia jirani. Lakini cherehani nisingemwachia.

Nyanya yako