Sahani Kumi na Mbili za Kioo

Kampala,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naileta shikamoo hii nikiwa nimeinamisha kichwa, nikijua kwamba itakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na kwamba una haki ya kuiacha bila marahaba. Je, kifua kimepoa tangu mvua zipungue? Maji yameshaondoka kwenye shamba la chini? Mimi mwili wangu ni mzima. Kinachoniuma si cha mwilini, na ndicho kilichonikalisha hapa kuandika.

Kwako Mwalimu Damiani, katekista wetu, unayemsomea mama: nakuomba usome barua hii pale pale barazani ulipoisoma ile ya kwanza, mbele ya wale wale walioisikia, na kwa sauti ile ile. Uliniandikia pembeni kwamba safari ile uliruka mistari miwili kwa kuona haya, na mama akakuambia, "Mwalimu, umeruka. Rudi." Hii nayo usiruke neno.

Mama, wanaosikiliza huenda wameshasahau jambo lilivyoanza, kwa hiyo nitaanzia mwanzo, wajue nani alikosa.

Likizo iliyopita bwana shamba alikuja hapo kijijini kwetu Michenga akasema mpunga wetu unakauka katikati ya shina kwa sababu tunachelewa kupanda, na tunachelewa kwa sababu ni wavivu. Nilisimama. Mnajua ninavyosimama. Nikasema si uvivu, ni mdudu. Nikasema inzi mdogo mwenye macho juu ya vijiti viwili ndiye anayetaga kwenye mche, na funza wake ndiye anayekula moyo wa shina. Nikasema nitaleta picha yake, kubwa kama kiganja, na siku hiyo serikali itawaomba radhi wakulima. Watu walipiga makofi. Nami, mama, nililala nikiyasikiliza yale makofi.

Chuo kilikuwa kimeniazima kamera ya zamani, ile ya mbao yenye mvukuto wa ngozi uliouita mfuko. Kumpiga picha mdudu mdogo kuliko punje si kama kumpiga picha bwana harusi. Lazima lenzi isogezwe karibu naye kabisa, na ili sura yake itue vizuri kwenye sahani ya kioo iliyo nyuma, ile inayopokea picha, lazima mvukuto uvutwe, uvutwe, mpaka urefu wake uwe mara nyingi kuliko kawaida. Tundu la lenzi nalo hubanwa liwe dogo sana, la sivyo utapata jicho moja likiwa kali na mgongo wote ukungu. Na mdudu lazima atulie. Ndiyo maana nilikuamsha alfajiri, wakati inzi bado wameganda kwa umande, ukasimama na maji yakiwa magotini, mkono mmoja umeshika kanga kukinga upepo, mwingine umeshika shina la mpunga lisitikisike. Kioo chako cha kujitazamia nilikiegemeza kwenye tuta kirushe jua kwa chini.

Nayakumbuka maneno yetu ya asubuhi ile, yote.

Uliniuliza, "Kalisti, huo mfuko ukiuvuta hivyo, jua litafika kule nyuma?"

"Mama, shika kanga. Jani linacheza."

"Nimeshika. Nauliza tu."

"Hesabu yake iko kwa Kizungu."

Ukacheka, ukasema, "Basi mwambie na huyo inzi asubiri kwa Kizungu."

Nilipiga sahani kumi na mbili. Kisha nikaenda Ifakara siku tatu kuwahutubia vijana, nikakuachia maboksi mawili, moja la sahani zilizopigwa na moja la sahani ambazo hazijaguswa. Nikakuambia yasifunguliwe, kwamba mwanga ukiingia hata kwa kupepesa macho kila kitu kimeharibika. Wewe uliyaweka ndani ya debe la mpunga, ukalipandisha darini. Nilirudi, nikachukua lile la kwanza, la pili nikalisahau.

Hapa Kampala nilizisafisha sahani zangu kwenye chumba cha giza, moja baada ya nyingine, na zote zilitoka tupu. Kioo kitupu, kama cha dirisha. Sikumuuliza mtu. Sikukaa hata nusu saa. Niliketi nikaandika barua ile, na mistari miwili uliyoiruka, Mwalimu Damiani, nairudia hapa kwa mkono wangu ili isiwe umeisema wewe: "Mama, umefungua boksi nililokukataza kufungua. Ujinga wa namna hii ndio unaotufanya tutawaliwe."

Mimi niliandika hayo. Mimi ambaye kwenye kila mdahalo hapa chuoni nasimama kusema kwamba neno "mjinga" ni mjeledi ambao mtawala ameuacha mikononi mwetu tuchapane wenyewe. Bwana shamba aliwaita wavivu, nikamfokea. Nikamwita mama yangu mjinga, nikatia stempu.

Jibu lako lilikuwa fupi. "Sikufungua. Yalikaa ndani ya debe kama ulivyosema. Lililobaki nakurudishia, nimelishona. Vitu vyako usiniachie tena." Chini yake, dole gumba lako kwa wino. Na Mwalimu Damiani akaongeza kwamba shangazi alisema mbele ya watu, "Umemsomesha, amerudi kuwa hakimu wako," na kwamba tangu siku hiyo wenzako wa kuvuna wakikuita huendi, unavuna peke yako. Niliisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona pa kukaa.

Boksi lilifika limeshonwa kwa kipande cha kanga ile ile ya kukinga upepo. Nililipeleka kwenye chumba cha giza pamoja na zile sahani tupu. Mtunza chumba ni mzee wa Kiganda, jina lake Erisa, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ni kuosha sinia za dawa baada ya walimu wetu. Alitoka na sahani zangu akazishika kwenye dirisha la ukumbini.

"Hizi zimekuwaje?"

"Zilifunguliwa nyumbani," nikasema. Hata siku ile, mama, nikiwa na mshono wako mkononi, bado nilisema hivyo.

"Ssebo," akasema, yaani bwana kwa Kiganda, "sahani iliyofunguliwa ikiingia kwenye dawa hugeuka nyeusi kama tako la chungu. Hizi zimetakata. Hazikuona mwanga mwingi. Hazikuona mwanga." Akaniangalia. "Mvukuto ulivuta inchi ngapi?"

"Kumi na sita."

"Lenzi yako ya inchi ngapi?"

"Nne."

"Ukahesabu sekunde ngapi?"

"Moja. Kipima mwanga kilisema moja."

Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. "Kipima mwanga kilikuwa nje, hakijui umevuta nini," akasema. "Umesoma hesabu?"

"Ndiyo."

"Basi ifanye."

Niliifanya pale pale. Nilikuwa nimeivuta sahani mbali mara nne kuliko kawaida. Umbali ukizidi mara nne, mwanga unaofika nyuma haupungui mara nne tu. Hupungua mara nne ya mara nne, yaani kumi na sita. Nilitakiwa kuliacha tundu wazi sekunde kumi na sita. Niliacha moja. Kanuni hiyo naijua, mama. Niliiandika kwenye mtihani nikapewa alama zote. Na kwamba sahani iliyofunguliwa huwa nyeusi, hilo pia nilikuwa nalijua. Ila nilikuwa nimeahidi picha mbele ya watu, na hasira yangu ilitaka mtu, ikachagua aliye mbali na asiyeweza kuisoma.

Jua halikufika kule nyuma. Uliniuliza hilo ukiwa ndani ya maji, na mimi nikakuambia ushike kanga.

Tulifungua boksi ulilolishona. Nilichukua sahani moja, nikampiga picha inzi mkavu niliyemleta ndani ya kichupa, sekunde kumi na sita kwa saa ya mzee Erisa. Ilitoka safi, macho juu ya vijiti yanaonekana mpaka vishimo vyake. Sahani zako hazikuwa zimeguswa na mwanga wala na mtu. Picha hiyo nimeiweka humu. Mwalimu Damiani atampelekea bwana shamba, nami sitaki makofi yake.

Picha ya pili iliyomo humu ni yako. Mzee Erisa alipozipitia tena zile kumi na mbili, ya saba aliigeuzageuza akasema, "Hii ina kitu." Mimi nilikuwa nimeiona alama ile nikadhani ni uchafu. Aliisafisha kwenye karatasi ya picha iliyo kali kabisa, inayokoleza hata alama hafifu, na polepole kikatokea kitu kama shamba lililolimwa matuta, tuta kando ya tuta, na mtaro mmoja ukikata katikati kwa mshazari. Inzi hayupo. Ni mahali ambapo jua la kioo chako lilipiga sana kuliko pengine. Nilichelewa kutambua, mpaka nilipoitoa barua yako mfukoni nikailaza kando yake. Matuta yale yale. Mtaro ule ule, kovu la kisu cha kuvunia. Ni dole gumba lako, limeshika shina.

Nimesema majukwaani kwamba dole gumba ni fedheha waliyowavika wazazi wetu. Nimelitazama lako mara mbili, kwenye karatasi na kwenye kioo, na mara zote mbili lilikuwa linasema kweli, nami mwenye kalamu nilikuwa nasema uongo.

Sikuombi unisamehe haraka ili mimi nilale vizuri. Likizo ijayo nitashuka kwenye lori nisimame njiani, kabla ya ua. Ukiniita nitaingia. Usiponiita nitalala kwa baba mdogo, asubuhi nitakuja shambani kuvuna safu ya kando yako, bila kusema.

Shangazi mpe shikamoo. Alichosema ni haki. Baba mdogo, shikamoo. Dada Agata na shemeji nawasalimu. Wenzako wa kuvuna waambie, kwa kinywa cha Mwalimu Damiani, kwamba boksi halikufunguliwa, na kwamba aliyekosa hesabu ni mimi.

Jina langu naliandika kama nilivyofundishwa. Kando yake nimeweka wino na kugandamiza dole gumba langu, kama ulivyofanya wewe.

Mwanao,
Kalisti